Ukuta wa Nyuma

Kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi,
muuza vitumbua hajafika hata kona ya Mpilipili,
Mkopoka na Asumini wananigongea geti:
ngazi begani, mpira wa maji umejiviringa kama chatu aliyeshiba,
na pampu yao, zamani ya kukodi, sasa ya kwao,
wameiandika ubavuni kwa rangi nyekundu:
HATUPAKI, TUNAOSHA.

Nawalipa elfu themanini. Risiti naitundika msumarini.
Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa ghala;
siwezi kumpa mtu hela hivi hivi.

Mtaa ulicheka. Nampoto jirani alicheka kuwazidi,
kibarazani kwake, mguu juu ya mguu:
"Somoe, nyumba imekuomba kuogeshwa?
Mvua ya Mungu haitoshi, unainunulia nyingine?"

Sikumjibu. Chumvi ya ghuba haina haraka,
inalamba plasta ulimi kwa ulimi
mpaka siku unaegemea ukuta, unaondoka na unga begani.
Ukoga wa masika nao hupanda kutoka msingini, kijani,
kama mtoto anayepimana kimo na dirisha.
Na kunguru wakilia juu ya bati
hawaleti habari ya mgeni: wanaacha kitu mferejini,
na mfereji unaingia kwenye tangi,
na tangi ndilo ninalonywa.

Mwaka juzi nilimwita kijana wa bei ya chini.
Alitoboa plasta,
rangi ya madirisha ikaenda na maji hadi kwenye mihogo.

Asumini hupanda juu yeye mwenyewe, suruali chini ya gauni.
Kwanza huchomoa bomba la tangi, huliziba kwa tambara na nailoni.
"Dawa isije ikaingia kwenye chai yako, mama."
Mkopoka huanza juu akishuka:
bati kwa nguvu, plasta kwa upole,
mbao za madirisha kwa kitambaa na mkono tu.

Siku ile ya kwanza kabisa alizima pampu katikati ya kazi.
Kimya kile kikanitoa jikoni.
Nikamkuta ukuta wa nyuma, chini ya upenu,
ameinamisha mdomo wa mpira:
"Mama, na hii tuoshe?"

Mistari ya mkaa. Marehemu mama yangu hakujua kusoma;
alijua nani kachukua ufuta wa mkopo.
Pishi moja, mstari mmoja. Akilipwa, anaukata.
Imekatwa yote, safu kwa safu,
isipokuwa saba.

"Hiyo acheni."
Akaifunika nailoni, akabandika utepe kingo zote nne,
akaandika kwenye daftari lake la kazi, taratibu:
Upenuni, nyuma, pasiguswe.
Hajauliza tena. Hata mwezi aliougua akamtuma mdogo wake,
mdogo wake alikuja na utepe.

Basi nyumba nzima inang'aa kama bilauri,
na pale, upana wa ungo, pamekaa na uchafu wake.

Juzi Nampoto hakucheka.
Alipita mlango wa uani, kofia mkononi.
Akauliza bei. Akauliza wanatumia sabuni gani.
Akakohoa.
"Safari hii nilipe mimi. Elfu themanini yote.
Ila waoshe ukuta mzima, Somoe. Mzima."

Nikamtazama.
Kumbe miaka yote ile ya kucheka
macho yake yalikuwa nyuma ya nyumba.

Pampu ilinguruma upande wa barabarani.
Nikaingia jikoni, nikachagua kipande cha mkaa,
si kikubwa,
nikamwekea kiganjani.

Akasimama mbele ya ile saba,
maji ya povu yakimpita kati ya kandambili.
Akainua mkono. Akaushusha.
"Upi," akasema, "ndio wa baba?"